Joto Lisilo na Mvuke

Nimesubiri mpaka kipupwe cha pili kiishe ndipo niandike. Mgonjwa akiandika katikati ya ugonjwa hulalamika tu, na mimi nilikwisha kulalamika vya kutosha, mume wangu Saidi ni shahidi. Sasa vidole vinashika kalamu kurasa mbili kabla havijaomba kupumzika. Naandika kurasa mbili, nakwenda gengeni kunyunyizia mchicha maji, narudi. Kama na wewe unaamka alfajiri ukakuta mikono yako imelala na haitaki kuamka pamoja nawe, kaa hapa nikusimulie yangu.

Naitwa Mwajuma, wa Mabwerebwere, hapa Kilosa. Nauza mboga na viungo mbele ya nyumba yetu, lakini mtaani hawanijui kwa mboga. Mimi ni mwosha. Mwanamke wa Kiislamu akifariki mitaa ya kwetu naitwa mimi, kama alivyokuwa akiitwa mama yangu, Bi Hadija, kabla magoti yake hayajagoma kuinama. Alinifundisha yeye. Nilianza kwa kumimina maji kwa birika, baadaye nikapewa kitambaa, na mwisho nikaachiwa kazi yote, yeye amekaa kwenye kigoda ananiangalia. Yanayoonekana kule hayasimuliwi, na hata hapa sitayasimulia. Nitasema tu kwamba ni kazi ya mikono. Mkono unatakiwa uwe mwepesi, usivute wala usikandamize, maana tumefundishwa kumhurumia maiti kama tunavyomhurumia aliye hai.

Siku aliyoniachia kazi, tulipokuwa tunarudi nyumbani, Mama alisimama njiani akanishika mkono.

"Siku yangu asiniguse mwingine. Wewe tu."

"Inshallah, Mama."

"Usinipe inshallah ya kuniondoa hapa. Ahidi."

Nikaahidi. Nilikuwa na mikono miwili mizima, na sikuona kwamba kuna kitu cha kufikiri.

Ugonjwa ulikuja kipupwe, wakati ukungu unashuka kutoka milimani mpaka kwenye reli na treni inasikika kabla haijaonekana. Kwanza nilishindwa kufungua chupa ya chai. Nikasema ni baridi. Kidole cha pete kikavimba mpaka ikabidi sonara aikate pete kwa msumeno mdogo, Saidi amesimama pembeni anatazama pete ya ndoa aliyonivisha ikifunguka. Halafu mikono yote miwili ikawa inaamka imejikunja, mizito, ina joto lake baya, na haikunjuki mpaka jua limefika juu ya paa la jirani. Mwili nao ulikuwa umechoka uchovu ambao sikuwahi kuujua, hata nilipokuwa nanyonyesha. Nikawa nalala mchana, naota naosha mikono yangu kwenye beseni, na vidole vinabaki ndani ya maji mimi nikiondoka.

Saidi akawa ananifunga vishikizo. Ni fundi seremala, ana vidole vinene vilivyojaa makovu ya patasi, na alikuwa anahangaika na vishikizo vidogo vya gauni langu kwa uso wa mtu anayetengeneza saa. Nilikuwa nacheka, halafu akishatoka nalia.

Kilichonivunja si hicho. Kilichonivunja ni siku tulipoitwa kwa jirani yetu mmoja, mama wa makamo aliyefariki. Nilikwenda, kwa sababu sikuwahi kukataa. Nikamwachia mwosha mwenzangu kitambaa, nikasema leo nitamimina tu. Birika lilijaa maji. Nililinyanyua, nikaona vidole vinaachia kimoja kimoja, kama vile si vyangu, na likaanguka. Halikumgusa marehemu, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini mlio wake ulisikika mpaka uani walikokaa wafiwa. Mwanamke mmoja aliliokota tu akaendelea.

Nje nikasikia mtu anamnong'oneza mwenzake: "Ubaridi wa maiti huo. Umemwingia mikononi."

Nitakuwa mkweli. Nilimwamini. Nilirudi nyumbani nikaitazama mikono yangu na kuwahesabu niliowaosha nayo, na niliwaogopa wote, watu niliowapenda na kuwaombea. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote ugonjwa huu ulilonifanyia.

Benchi la hospitali yetu nililikalia mara nyingi, nikipewa dawa ya maumivu na kurudi, mpaka daktari mmoja akasema hili si la hapa, akaniandikia barua ya kwenda Morogoro. Tulikwenda na Saidi kwa treni ya umeme, upesi mno kwa mtu aliyekuwa anaogopa kufika. Kule tulikaa chumba kirefu chenye viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja, dirisha moja likitazama Uluguru. Mawingu yalikuwa yanaingia na kutoka kwenye ile milima, nami nikawa nayafuata kwa macho mpaka nikasahau nimekuja kufanya nini. Mwanamke aliyekaa karibu yangu, mkulima kutoka upande wa Gairo, alikuwa na mikono kama yangu. Alinitazama, akaweka wake juu ya paja, pembeni ya wangu, ili tulinganishe.

"Asubuhi yako inaisha saa ngapi?" akaniuliza.

Nilielewa papo hapo, anauliza mikono inakunjuka saa ngapi. "Saa nne. Yako?"

"Saa sita. Wewe una bahati, mwenzangu."

Tukacheka mpaka muuguzi akageuka. Sikuwahi kufikiri kwamba ningecheka mle ndani. Ukikaa kwenye viti vile, ongea na aliye jirani yako. Dawa ya kwanza niliyopata ilikuwa ile.

Daktari alikuwa binti mdogo. Alinipa shikamoo kwanza, nikaitikia marahaba, ndipo akaishika mikono yangu na kuibonyeza kiungo kwa kiungo. Akasema ni baridi yabisi, akanieleza kwamba mwili wangu unajipiga wenyewe. Akaniandikia vidonge vya kumeza mara moja tu kwa wiki, nami nikachagua Ijumaa ili nisisahau, na kupimwa damu kila mwezi. Nikamuuliza lile la ubaridi wa maiti. Saidi aliangalia chini kwa aibu.

Binti yule hakunicheka. "Mama, kungekuwa na ubaridi huo, watu wanaofanya kazi mochwari wote wangekuwa wamekaa hapo nje. Hakuna hata mmoja." Halafu akaongeza, "Dawa itachelewa. Itachukua wiki nyingi, usije ukakata tamaa. Asubuhi tumia joto. Joto litakutuliza."

Basi Mama akaanza kunikanda. Alikuwa amenikanda katika uzazi wangu wote, kwa taulo na maji ya moto ya kumtoa mtu kelele, na sasa akaja kila alfajiri kutoka chumbani kwake na beseni lake, magoti yakilia, akakaa kwenye kigoda na kunifunga mikono kwa kitambaa cha moto. Alikuwa anaimba chini chini kwa Kisagara, nyimbo za kwao Kidete. Mikono ilikuwa inakunjuka kidogo, halafu maji yanapoa, nayo inajikunja tena.

Ndani ya nyumba mambo hayakuwa mazuri. Saidi aliona jibu ni rahisi.

"Mama, Mwajuma amfundishe mtu mwingine hii kazi. Apumzike."

"Na mimi nikifa kesho?"

"Hufi kesho, Mama."

"Kumbe wewe ndiye unayepanga!"

Tangu siku hiyo wakawa hawasemezani, wakinitumia mimi kama posta. "Mwambie mumeo chai ipo." "Mwambie Mama nimeshiba." Mimi nililala kitandani katikati yao, nawaza ahadi yangu. Mama ni mtu wa miaka zaidi ya sabini. Nilikuwa naisikiliza pumzi yake kupitia ukutani na kuilinganisha na vidole vyangu, ni kipi kitakachowahi.

Masika yalipoanza, mdogo wangu Rehema akapiga simu kutoka Mikumi. Anafanya kazi hotelini, moja ya zile za wageni wanaokuja kuona wanyama. Akaniambia hoteli imejengewa sauna ya miale, infraredi wanavyoiita, kibanda cha mbao cha wageni kukaa na kutoka jasho. Sasa mvua zimeanza, wageni hakuna, na mbao zinaota ukungu kama hakiwashwi. Ameagizwa akiwashe kila Jumatatu na Alhamisi kikiwa kitupu.

"Dada, nawasha joto lote lile halina mtu ndani. Nimemuomba meneja. Amesema sawa, ila daktari wako akubali."

Daktari alikubali, kwa masharti ambayo nayaandika hapa kwa sababu baadaye niliyavunja: nianze na dakika kumi na tano, ninywe maji kabla na baada, nikisikia kizunguzungu nitoke, na vidonge vya Ijumaa visiachwe, kwa kuwa joto linatuliza lakini halitibu. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, akaniambia pia mwaka huu nisifunge. Mama aliposikia habari za kibanda akabetua mdomo. "Mnakaa kabatini mnatoka jasho? Si mngekuja jikoni kwangu tu."

Nikaondoka na Noah ya abiria ya asubuhi. Kwenda Mikumi kutoka kwetu unapita kijiji kinachoitwa Ulaya, na tangu siku hiyo Saidi anawaambia watu kwamba mke wake katibiwa mpaka Ulaya.

Kibanda kilikuwa nyuma ya hoteli, kinatazama nyika. Kina mlango wa kioo na benchi la watu wawili, kweli kama kabati. Rehema akanipa taulo na chupa ya maji, akabonyeza kitufe, akafunga mlango. Ukutani kulikuwa na vibao vyeusi bapa, ndivyo vyenye joto. Nikakaa nasubiri mvuke, au angalau sauti ya kitu kinachochemka. Kwetu joto la tiba lina majani. Tukiugua tunajifukiza, unainamia sufuria ya mwarobaini na mchaichai, unafunikwa blanketi mpaka chini, na huruhusiwi kutoka mpaka jasho lidondoke, kwa sababu jasho ndilo linalobeba ugonjwa. Hapa hakukuwa na hata harufu, isipokuwa ya mbao mpya kama karakana ya Saidi.

Nikagonga kioo. "Rehema, imeharibika."

"Haijaharibika, dada. Hii haipashi hewa. Inapasha mwili. Tulia."

Nikatulia. Na joto likaja, sijui kutoka wapi, kwanza mgongoni. Nilihisi kama nimeegemea ukuta wa nyumba ya udongo saa kumi jioni, ukuta ulioshinda juani. Halafu mapajani, halafu kwenye mikono niliyokuwa nimeilaza viganja juu. Lilikuwa linaingia taratibu na halina haraka ya kutoka. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya mikumi, ile miti mirefu iliyoupa mji jina lake, na twiga wawili walisimama chini yake bila kujali kulowa. Mimi nilikuwa mkavu, nimeota joto, nawatazama kupitia kioo, na sikujua tena kama nimelala au niko macho.

Nikajiona Kidete, mtoto wa miaka sita, ukingoni mwa mto Mkondoa wakati wa kiangazi. Mama anafua. Mchanga umeungua jua, nami nafukia mikono yangu ndani yake mpaka viwiko, naitoa, naifukia. Mama ananiita niache, nguo zimekwisha kukauka, tunaondoka. Sitaki kuondoka.

Nilipofungua macho kidole kidogo cha kushoto kilikuwa kimenyooka. Sikumbuki kukinyoosha. Vingine vikafuata, si vyote na si kabisa, lakini niliweza kuona mistari ya kiganja changu, ambayo sikuwa nimeiona tangu kipupwe. Nikaitazama kwa muda mrefu. Rehema alipofungua mlango alinikuta nalia na nikamwambia ni jasho.

Usiku huo nililala mpaka adhana bila kuamshwa na maumivu. Wagonjwa wenzangu wanajua kulala hivyo ni kitu gani.

Nilikaa kwa Rehema wiki tatu. Mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mabega yalilegea, mgongo ukaacha kulia nikiinama, na zile siku za joto asubuhi ya kesho yake iliisha saa mbili badala ya saa nne. Hata hasira zilipungua, akasema Rehema, aliyezipokea nyingi. Malori ya barabara kuu yalikuwa yananguruma usiku kucha nje ya chumba chake, nami niliyasikia kwa mbali tu na kurudi usingizini.

Ramadhani ikaandama, na hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu.

Kwanza nilifunga. Nilijua nimekatazwa, na najua dini yenyewe imemruhusu mgonjwa, nimewaambia hivyo wanawake wangapi kwa mdomo wangu! Lakini mwosha anayekunywa maji mchana wa Ramadhani, niliona aibu. Nikamficha Rehema. Nilikuwa najaza kikombe, nakishika mkononi mbele yake, na akigeuka nakimwaga dirishani.

Pili, Saidi akapiga simu. Mama anakohoa. Hali chakula. "Si jambo kubwa," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema jambo kubwa. Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa inaweza kushika kikombe. Haikuwa inaweza kushika birika lililojaa. Na ile hofu ya kupitia ukutani ikanirudia yote.

Nikajiambia nimekuwa nalichezea hili joto, najikalia na khanga moja kama mgeni wa hoteli, jasho lenyewe dogo. Nani alishapona kwa kujifukiza bila blanketi? Basi Alhamisi ile nikachukua blanketi la Rehema la kulalia, lile zito, nikaingia nalo nimelificha ndani ya taulo. Nikamwambia aende tu akakunje mashuka. Alipoondoka nikajifunika kichwa mpaka miguu kama nilivyofundishwa utotoni. Jasho lilikuja, jamani! Lilikuwa linachuruzika mpaka kwenye benchi, nami nafurahi, nauona ugonjwa unatoka. Dakika zilipokwisha nikapenyeza mkono nikabonyeza kitufe tena. Koo lilikuwa limekauka kabisa. Nikaona mchanga wa Kidete, mweupe sana safari hii, na mtu yuko ng'ambo ya mto ananiita kwa jina la utotoni, na mimi najibu nakuja.

Aliyekuwa ananiita ni Rehema. Alinikuta sakafuni ndani ya blanketi. Alikuwa ananimiminia maji mdomoni huku anapiga kelele, na meneja amesimama mlangoni kashika kichwa. Nilifungua swaumu yangu hivyo, saa tisa alasiri, juu ya nyasi zilizolowa.

"Dada, ulikuwa umefunga?" Rehema akaniuliza nilipoweza kukaa. Nikajifunika uso kwa taulo. "Dada, kila siku unanishikia kikombe, kumbe unanidanganya!"

Alipewa onyo kazini kwa sababu yangu. Meneja akasema kibanda basi, hakuna ndugu wa mtu tena, na sikuweza kumlaumu. Kesho yake nikapanda Noah, nimejifunga mtandio mpaka machoni. Nilipita Ulaya bila kutazama dirishani.

Mama alikuwa uani anachambua mchele. Kikohozi kilikuwa mafua tu na kilikwisha kupita. Rehema alikuwa amemweleza kila kitu kwa simu.

"Shikamoo, Mama."

Hakuitikia. Mama yangu hajawahi kuniacha bila marahaba maisha yangu yote. Aliendelea kuchambua, halafu akaweka ungo chini.

"Ulitaka kutangulia wewe, ili niwe mimi wa kukuosha? Kwa magoti haya?"

Nikapiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimeifikiria ahadi ile mwaka mzima kama mzigo wangu peke yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba yeye naye anasikiliza pumzi zangu kupitia ukuta uleule. Nilimwomba radhi. Akanishika kichwa kwa mikono miwili na kuniitikia ile salamu: "Marahaba." Saidi, aliyekuwa anasikiliza kutoka karakana, akaja akakaa na sisi, na jioni ile wakaanza kusemezana bila mimi.

Yaliyofuata hayana kishindo. Nilikula mchana wa Ramadhani mbele ya watu, siku ya kwanza kwa aibu, baadaye kwa kuzoea. Ijumaa zilipita na vidonge vyake, nikavichukia kwa kichefuchefu chake cha Jumamosi na nikavimeza. Mama alinikanda kila alfajiri. Saidi alinichongea mwiko wenye mpini mnene kama mchi ili niweze kusonga ugali. Mvua zikaisha, Mkondoa ukarudi ndani ya kingo zake, na kipupwe kikaja tena, nami nikakingoja kama mtu anayengoja mgeni aliyemwibia mara ya kwanza.

Nilimwandikia meneja barua ya kuomba radhi. Mwanzoni mwa kipupwe akanijibu kupitia Rehema: nirudi, wakati hakuna wageni, Rehema akikaa mlangoni muda wote, na blanketi libaki nyumbani. Nikaenda kila baada ya wiki mbili. Nakaa dakika ishirini, sizidishi. Nakunywa maji, na Rehema anatazama koo langu likimeza. Nje nyika ilikuwa imegeuka rangi ya mkate, na ukungu wa asubuhi ulikuwa unapita katikati ya mikumi. Joto likiingia mgongoni nasinzia, na mara nyingine nafika mpaka mtoni Kidete, lakini sasa nguo zikikauka naondoka.

Watu huniuliza, ni kabati lile lililokuponya? Sijapona. Baridi yabisi haiondoki, inatulia. Kama ni vidonge, kama ni kibanda, au ni beseni la Mama, siwezi kuvitenganisha, na yule binti daktari alisema nisijaribu, niendelee na vyote. Ninachoweza kusema ni kwamba baada ya joto lile nalala, na aliyelala vizuri anaamka na mikono mingine. Kama huna hoteli ya kukupa kibanda, taulo na maji ya moto ni joto pia. Ila muulize daktari kwanza, hasa kama una presha au una mimba, na usifanye kama nilivyofanya mimi.

Sasa nimalizie.

Mwisho wa kipupwe hiki nilirudi kutoka Mikumi, na asubuhi iliyofuata niliamka mikono ikiwa wazi. Ilikuwa alfajiri, hata beseni halijaja. Nikaingia jikoni, nikachukua birika, nikalijaza mpaka juu. Nikatoka nalo uani, mkono mmoja, mpaka pale Mama alipokuwa amekaa kwenye kigoda chake akingoja jua. Nikasimama mbele yake na kumimina maji chini, uzi mwembamba usiokatika, kama alivyonifundisha. Mkono ulichoka lakini haukuachia.

"Mama, naweza. Ahadi yako ipo."

Alitazama maji yakiingia mchangani mpaka yakaisha.

"Yachemshe mengine."

"Ya nini?"

"Ya kuniosha."

"Mama! Usiseme hivyo!"

"Nasemaje? Siku ile ikifika ataniosha atakayekuwepo. Pengine mikono yako itakuwa imelala tena, pengine utakuwa Mikumi kabatini kwako, anajua Mungu. Ahadi yako nimekusamehe, usiichukue tena ukaenda kujiua nayo. Leo mimi nipo na wewe una mikono. Nioshe leo, niweze kukuambia kama maji ni ya moto mno."

Nikachemsha maji. Nikayachanganya mpaka yakawa ya uvuguvugu, nikamwongoza mpaka bafuni kwetu pale nyuma, ambako hakuna paa na jua linaingia moja kwa moja. Akavua khanga zake akakaa. Sikuwa nimewahi kuuona mgongo wa mama yangu kwa mwanga wa mchana. Nililoweka kitambaa, nikakikamua mwenyewe, kwa mikono yangu yote miwili, na maji yakadondoka. Nilikuwa nalia na sikusema ni jasho. Yeye akaanza kuimba chini chini ule wimbo wake wa Kidete. Nikasema bismillah na kumgusa begani, kwa wepesi wote niliokuwa nao, nikishuka na kitambaa mkononi mwake.

Wimbo ukakatika.

"Mwajuma."

"Naam, Mama."

"Umeanza upande wa kulia."

Nikaangalia mkono wangu. Ni kweli. Nilikuwa nimeanza upande wa kulia, kwa mazoea, kama tunavyoanza kwa marehemu.

"Mimi bado napumua. Anza mgongoni, ndiko kunakowasha."

Nikahamia mgongoni.